Mfungo Ulioninenepesha

Bwana asifiwe, akina mama wa Kasulu! Na ninyi akina baba mlioketi karibu na mlango mkisikilizia masufuria ya jikoni, ninyi nanyi Bwana asifiwe. Naitwa Generoza. Kibondo wananiita Mama Nzeyi. Nimekuja na basi la asubuhi, vumbi lenyewe mnaliona kwenye gauni hili, lakini moyo wangu ni mweupe. Nimeambiwa niseme kwa dakika kumi. Mume wangu aliposikia hivyo alicheka mpaka akakaa chini.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa chakula. Nimezaliwa hivyo. Wazazi wangu walikuja nchi hii wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, na mtoto aliyelelewa na watu waliowahi kulala njaa hafundishwi kuacha kitu kwenye sahani. Kwetu kubakiza ugali ilikuwa kama kumtukana aliyelima. Basi nikakua hivyo, nikaolewa hivyo, nikazaa watoto wanne hivyo, na sikuwa na shida. Nilikuwa nafanya biashara ya maharage kwenye soko la Mabamba, kule mpakani. Nanyanyua, nashusha, natembea. Chakula kinaingia, kazi inakitoa.

Siku za soko nilikuwa navuka kumwona mama yangu mzazi. Baba alipofariki, mama alirudi Burundi kwenye ardhi ya kaka zake, mlima wa pili tu ukishavuka. Sisi tulishapata uraia, tukabaki huku. Lakini mpaka ule kwetu haukuwa kitu. Ulikuwa kama njia ya kwenda kisimani. Nampelekea sukari na sabuni, ananipa ndizi, narudi.

Halafu ikaja korona. Ninyi mnakumbuka, huku kwetu hatukufungiwa ndani kama nchi nyingine. Lakini shule zilifungwa, watoto wote wanne wakarudi nyumbani wakiwa na njaa kama nzige. Na mpaka ukafungwa. Soko la Mabamba likapooza, maharage yangu yakakaa kwenye magunia sebuleni, na mizani yangu ikasimama pembeni haina kazi. Wiki hiyohiyo nikapata habari kwamba mama anaumwa kifua, amelala, hali chakula vizuri. Mlima wa pili tu, ndugu zangu! Nikisimama nyuma ya soko nauona. Na siwezi kwenda.

Nilichanganyikiwa. Sitaficha. Nilikuwa nafagia uwanja uleule mara tatu kwa siku.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa la mlokole, mtu wa dunia asingeliweza. Kanisani kwetu nilikuwa kiongozi wa maombi ya akina mama. Tuna desturi yetu: tukifunga, tunafungua pamoja. Saa kumi na mbili jioni tunakutana kwa mmoja wetu, kuna birika moja la uji wa ulezi, kila mmoja kikombe kimoja, tunaomba, tunatawanyika. Ukifika nyumbani unakula kidogo unalala. Korona ilipokuja tukaambiwa vikundi visimame, kila mtu aombe kwake na afungue kwake. Birika likawekwa juu ya kabati.

Mimi nikaweka nadhiri. Nilimwambia Mungu nitafunga siku arobaini, alfajiri hadi jioni, na Yeye amponye mama yangu. Hakuna mtu aliyenituma. Sikumwuliza mchungaji wala mume. Na ndani ya moyo nikaongeza neno ambalo Mungu hakuliomba: nikivunja hata siku moja, mama atakufa.

Basi nikafunga. Siku ya kwanza vizuri. Siku ya pili vizuri. Siku ya tatu, ilipofika saa tisa alasiri, nikaona niinjike maharage mapema ili yaive kabla ya saa kumi na mbili. Siku ya tano nilikuwa naanza kupika saa nane. Maharage na mawese. Ndizi za kupika. Samaki mkavu wa ziwani, mgebuka, kama amepatikana. Na ugali wa muhogo, ule mzito wa kwetu, ukitua kwenye sinia unasikia. Ndugu zangu, nilikuwa nimepiga magoti naomba, pua iko jikoni! Nasema "Ee Baba," halafu najiuliza kama chumvi imekolea.

Ikifika saa kumi na mbili kamili, Mama Nzeyi amekaa. Na kwetu aliyefunga anaheshimiwa. Anapakuliwa wa kwanza, anapakuliwa kingi, hakuna anayemkatiza. Watoto walikuwa wananiangalia kwa adabu kubwa. Nakula mpaka pumzi inakuwa fupi. Nikimaliza namkumbuka mama, uchungu unanipanda, narudi kwenye sufuria. Nakula viporo, nakula makoko ya chini ya sufuria, namega mkate wa kesho wa watoto. Sikuwa na njaa. Nilikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa haishibi.

Nikaanza kunenepa. Nani aliwahi kusikia mtu ananenepa kwa kufunga? Majirani walinisifia, maana sisi tukimwona mtu amenenepa tunamshukuru Mungu kwa niaba yake. Mwenzangu katika maombi, Mama Edisa, alinipigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara kwamba korona imenikubali. Nikacheka. Lakini gauni la ibada lilikuwa halifungi nyuma, nilikuwa nalificha kwa kitenge. Siku moja watoto walipokuwa nje nikapanda juu ya mizani yangu ya maharage. Gunia langu la maharage ni kilo mia. Mimi nilikuwa nimebakiza kidogo niwe gunia.

Nikashuka haraka. Na jioni ile nikala zaidi.

Magoti yakaanza kuuma. Kiu isiyoisha. Macho mchana yanaona ukungu. Nikasema ni vita vya kiroho, shetani anapinga nadhiri yangu. Siku ya ishirini na sita, nikiwa napalilia mihogo, jua kali, tumbo tupu, nikaanguka. Mume wangu aliniokota akanibeba kwa bodaboda, yeye nyuma amenishika, mpaka zahanati. Mume wangu ni seremala, mtu mpole, maneno yake kwa siku yanahesabika.

Muuguzi akanipima damu, akanipima presha, akarudia kupima. Akaniambia sukari imepanda sana na presha pia, na kwamba nikiendelea hivi nitapata kiharusi. Aliniuliza ninakulaje. Nikajinyoosha pale kitandani, nikamwambia mimi sili, ninafunga. Nilisema kwa kujivuna, Mungu anisamehe.

Mume wangu akakohoa. Akasema, "Sista, anafunga mchana. Jioni anakula cha watu wanne."

Ndugu zangu, nilitamani kitanda kile kinimeze! Muuguzi hakucheka. Alinieleza taratibu kwamba mwili wangu hauwezi tena kukaa bila kitu kutwa nzima halafu kubebeshwa mzigo wote jioni. Kula mara tatu, akasema, kidogo, mchana usiruke. Ugali usizidi ngumi yako. Mboga za majani nyingi. Mawese punguza. Tembea. Kunywa dawa. Na mfungo huo uache leo.

Nilirudi nyumbani simsemeshi mume. Siku mbili sikumsemesha. Na mfungo sikuuacha. Mnaona ninavyowaambia ukweli? Nilijua naweza kufa, nikaendelea, kwa sababu niliamini nikionja kitu mchana mmoja tu, mama yangu kule mlimani anakata roho. Nilikuwa nimeufunga uhai wake kwenye tumbo langu. Nani alinifundisha? Hakuna. Neno la Mungu halisemi hivyo. Ni mimi mwenyewe, na woga wangu, nikauita woga huo imani.

Siku ya tatu baada ya zahanati, mchana, mume akaingia na simu akanipa. Alikuwa amempigia jirani wa mama kule ng'ambo, akamweleza mama kila kitu. Mtu asiyesema, siku hiyo alisema. Nikaweka simu sikioni, nikasikia sauti ya mama yangu. Imepungua, lakini ni yeye.

Hakunisalimia. Akasema, "Mwana wanje, mwanangu, nani alikwambia uhai wangu uko kwenye sufuria yako?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia mama, mimi nimekufungia siku arobaini, zimebaki chache. Halafu nikamwambia jambo ambalo nilikuwa sijamwambia hata Mungu. Nikasema, "Mama, mimi hata sifungi. Nasubiri tu jioni."

Kweli ndiyo hiyo, ndugu zangu. Mchana wangu wote ulikuwa ni kusubiri. Sikumtafuta Mungu, nilikuwa nalitazama jua.

Mama akasema yeye anaendelea vizuri, kikohozi kimepungua, na mchana huohuo amekula ndizi mbili na maharage. Akaniuliza ndani kuna nini cha kula. Nikamwambia kuna ugali wa watoto na mboga ya kisamvu. Akasema, "Chukua, kaa chini, ule. Usikate simu. Nataka kusikia unatafuna."

Ilikuwa saa saba mchana. Watoto wamesimama mlangoni wameshangaa, maana mama yao kiongozi wa maombi anakula siku ya mfungo. Nikamega tonge, nikachovya, nikatia mdomoni. Nikasubiri. Mama yangu hakufa. Nilimsikia anapumua upande wa pili. Nikamega la pili. La tatu. Nilipofika la tano au la sita, nishanogewa, nishaanza kuvuta sinia karibu, mama akasema, "Ego, haya, inatosha. Inuka sasa."

Nikainuka! Ndugu zangu, miaka yote hiyo nimefundishwa kumaliza, sijawahi kuambiwa na mama yangu inatosha. Nikasimama katikati ya nyumba, chakula kimebaki kwenye sinia, mbingu haijaanguka. Nikasikia kitu kizito kinanitoka kifuani. Nililia, nikacheka, nikamkumbatia mume wangu na randa yake mkononi. Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Wengine hufunguliwa kwenye mkesha mkubwa. Mimi nilifunguliwa nikiwa na kisamvu mdomoni.

Sitawadanganya kwamba kesho yake nilikuwa mwembamba. Nilianguka mara nyingi. Kuna siku nilikula makoko yote ya sufuria nikiwa nimejificha jikoni, nikatoka nikiwa na mkaa puani. Lakini mama alinitafutia dawa. Kila siku saa saba anabipu kwa simu ya jirani. Akibipu, najua ameketi kula, na mimi naketi. Akibipu mara ya pili, maana yake inatosha, inuka. Bibi kizee asiyejua kusoma, anamlisha binti yake wa miaka arobaini na nne kwa kubipu, ng'ambo ya mpaka uliofungwa!

Kazi iliyokuwa ngumu zaidi ni kuwaambia akina mama wenzangu. Nilimwita Mama Edisa, tukakaa mbali mbali uwanjani, nikamweleza kwamba nimeacha mfungo siku ya ishirini na tisa na kwamba ninakula mchana. Nilitegemea anikemee. Yeye akaniambia kwamba hata yeye jioni analiwa na sufuria, na kwamba gauni lake pia analificha kwa kitenge. Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Toka siku ile tukawa tunatembea pamoja asubuhi, tunaomba tukitembea, na maombi yale nayakumbuka kuliko yote ya kupiga magoti.

Kidogo kidogo mwili ukapungua. Sukari ikashuka. Dawa bado nakunywa, na mtu asiniambie niziache nionyeshe imani, nitamwonyesha mlango. Na mfungo siuchukii. Walio na afya na wafunge, Bwana awatie nguvu. Mimi nafunga maneno, nafunga simu, nafunga umbeya, na huo umbeya, ndugu zangu, ni mgumu kuliko ugali.

Mpaka ulipofunguliwa nilivuka siku ya kwanza kabisa. Nilimkuta mama ameketi mlangoni, amekonda, lakini macho yake yaleyale. Alinipapasa mikono na shingo kama anayekagua mbuzi sokoni, akaridhika. Akaniwekea chakula kwa mkono wake. Hakuniambia inatosha. Alikaa ananitazama tu, kuona kama nitajua mwenyewe.

Nilijua, ndugu zangu. Nikanawa mikono, chakula kikiwa bado kipo, na mama yangu akapiga vigelegele peke yake kwenye mlima ule.

Namshukuru Mungu ambaye hakuuchukua uhai wa mama yangu nilipokula, wala wangu nilipokataa kula. Namshukuru mume wangu kwa maneno yale machache ya zahanati. Na kama kuna dada hapa, au kaka, ambaye kila hofu yake anaipeleka kwenye sufuria, asiogope. Mwambie Mungu ukweli wote, hata ule wa makoko. Halafu nenda zahanati ukapimwe. Baada ya ibada nitakuwa pale kwenye benchi la nje. Njoo tukae wawili, sitakuuliza kilo zako. Saa saba ikifika tutakula pamoja, na ikitosha, mmoja wetu atamwambia mwenzake.