Mkono wa Beldina Nangila, 1943–1987

Mchungaji, wazee wetu mliosafiri kutoka Kimilili, majirani wa Jericho, wafanyakazi wa kiwandani Baba Dogo, na ninyi wanachama wa klabu ya kulenga shabaha, mimi ni Dishon Mulama, mume wa marehemu. Shemeji zangu walikuwa tayari kuwasomea historia hii, kama ilivyo desturi, lakini niliwaomba waniachie mimi, kwa sababu katika maisha ya mke wangu upo ukurasa mmoja niliouandika kwa mkono wangu, nao ulikuwa na kosa, na si haki mtu mwingine ausome kwa niaba yangu.

Beldina Nangila alizaliwa tarehe 12 Machi 1943, kando ya barabara iendayo Kimilili, mama yake akiwa njiani kutoka sokoni, na kwa kuwa alizaliwa safarini akapewa jina hilo la Nangila. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Nabiswa, ambaye yuko nasi hapa leo. Alianza shule mwaka 1951, akamaliza darasa la nane mwaka 1958, akaishia hapo kwa kuwa nafasi ya kuendelea alipewa kaka yake, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilinung'unikia, ingawa vitabu vyangu vyote vya chuo kikuu alivisoma, na vingine alivisoma mara mbili.

Alifika Nairobi Januari 1961, akakaa kwa mjomba wake Makongeni, akajifunza kushona, na mwaka 1964 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo Baba Dogo. Cherehani yake ilipoharibika hakumngoja fundi, aliifungua mwenyewe wakati wa chakula cha mchana, akaonywa kwa barua, akaifungua tena, na mwaka 1969 kiwanda kiliacha kumwonya kikampa sanduku la vifaa, akawa fundi wa cherehani mia moja na ishirini, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo pale.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1966, nikiwa nimetoka chuo kikuu na kuanza kufundisha fizikia. Mungu alitujalia watoto wawili, Lydiah, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1967, na Nabiswa, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1970. Tangu Lydiah azaliwe aliniita Mwalimu alipokuwa na mzaha, na Baba Lydiah alipokuwa na jambo zito.

Mwaka 1974 mkubwa mmoja wa kiwanda alimletea bastola ya shabaha yenye springi iliyokatika, akamtengenezea nyingine siku hiyo hiyo, na kwa njia hiyo akaalikwa katika klabu yenu, kwenye uwanja ule ulio karibu na machimbo ya mawe ya Njiru. Alianza kwa kutengeneza, akaishia kulenga, na kufikia mwaka 1978 alikuwa anawashinda wanaume wote isipokuwa wawili, akatajwa katika timu ya mashindano ya Nakuru.

Naomba mnivumilie hapa, wale msiojua chombo hiki. Bastola ya namna hiyo ikifyatuliwa, sehemu yake ya juu hurudi nyuma yenyewe, kulabu ndogo hushika ukingo wa ganda tupu na kulivuta, ganda linarushwa nje, risasi nyingine inaingia. Ganda likinasa, mlengaji hupoteza muda, na akipoteza muda amepoteza alama. Klabu ilikuwa na bastola moja nzuri ambayo timu nzima ilitumia kwa zamu, wanaume wakitangulia, na Nangila, kwa kuwa ni mwanamke, akiwa wa mwisho. Kuanzia Februari 1979 maganda yalianza kunasa, na yalinasa mikononi mwake tu. Wanaume walisema mkono wake ni laini, hauishikilii bastola isimame imara ili sehemu ya juu irudi hadi mwisho, wakampa jina la Mama Uji, na jina hilo likamfuata hadi hapa mtaani, watoto wakawa wanamwita dirishani, "Niaje, Mama Uji!" naye anawajibu, "Poa, njooni basi niwamwagie."

Yeye hakubishana na mtu. Alikusanya maganda yake na ya wanaume katika mkebe wa biskuti, akayapanga juu ya meza ya jikoni kwa utaratibu yalivyotoka, akanionyesha kwa kioo cha kukuzia kwamba maganda ya mwanzo yana alama nzito ya kulabu ukingoni, ya katikati alama hafifu, na yale yaliyonasa yana mkwaruzo tu, kana kwamba kulabu iliteleza. Mimi nikamwambia hiyo ni dalili ya mkono usioshikilia. Akasema, "Baba Lydiah, mbona unaangalia mkono wangu? Angalia foleni." Nikamjibu kwamba foleni haina uzito wala mwendo, nikacheka, naye akayarudisha maganda katika mkebe.

Wiki hiyo katibu wenu, Bwana Johnson, aliniomba kama mwalimu wa fizikia nieleze jambo hili kwa maandishi, na tarehe 9 Aprili 1979 niliandika ukurasa mmoja, wenye mchoro, uliosema kwamba bastola ni ile ile, risasi ni zile zile, tofauti pekee ni mkono. Kamati iliusoma, na Nangila akaondolewa katika timu. Niliandika nikiamini ni kweli, lakini mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeona kwamba tofauti zilikuwa mbili, mkono na zamu, na kwamba hakuna aliyemruhusu kuanza yeye hata siku moja ili tuzitenganishe.

Hakupiga risasi tena kwa miaka saba. Mwaka 1981 maganda yalipoanza kunasa mikononi mwa wanaume pia, bastola ililetwa kwetu imefungwa kwenye gazeti, akaifungua, akachokoa chini ya kulabu kwa sindano ya cherehani, akatoa nta ya risasi na masizi, vimegandamana vigumu kama sabuni ya kale. Uchafu huo ulijaa kadiri risasi zilivyopigwa, ukaizuia kulabu isishike, na aliyekuwa wa mwisho ndiye aliyeukuta. Aliinoa ncha ya kulabu iliyokuwa imelika, akaweka springi yenye nguvu, na bastola haikunasa tena. Hata hivyo klabuni ikasemwa kwamba imepona tangu Mama Uji aache kuishika.

Januari 1985 alianza kuangusha skrubu. Madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta walitueleza kwa upole kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na kwamba hautarudi nyuma. Kufikia katikati ya mwaka uliofuata hakuweza kuinua birika la chai. Jumamosi tarehe 14 Juni 1986 aliniomba nimpeleke Njiru, akamwomba Bwana Johnson bastola ile, akataka kuwa wa mwisho, baada ya wanaume wote. Alikataa nimshike kiwiko. Alipiga risasi kumi, mkono ukitetemeka hivi kwamba nne hazikugusa karatasi kabisa, kisha akaniambia, "Okota, Mwalimu. Hesabu." Niliokota maganda kumi kutoka kwenye nyasi. Hakuna hata moja lililonasa.

Jioni ile jikoni nilimwambia kwamba nilikosea, na kwamba naomba anisamehe. Akasema, "Mimi nilikusamehe zamani, Baba Lydiah. Waambie wao." Niliahidi. Alikaa nasi miezi kumi na mitano zaidi, na katika miezi hiyo yote niliona aibu, nikaahirisha, naye hakunikumbusha.

Nangila alifariki Jumamosi tarehe 3 Oktoba 1987, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Kwa hiyo nawaambia sasa, mbele ya baba yake na watoto wake: ukurasa wangu wa tarehe 9 Aprili 1979 haukuwa wa kweli, naufuta, na nimemkabidhi Bwana Johnson barua inayosema hivyo ili iwekwe katika faili lile lile. Na lile jina, ambalo juzi kwenye matanga nililisikia likitajwa kwa mapenzi, nawaomba tuliache hapa, lisisafiri naye kwenda Kimilili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Jericho mliompikia na kumwogesha nilipokuwa darasani, wenzake wa kiwandani mliokuja kila Jumapili na cherehani mbovu ili awaelekeze kwa mdomo, na klabu, kwa risasi zile kumi.

Nangila, Mama Lydiah, nimewaambia. Mkono wako ulikuwa imara. Sasa upumzishe, nawe upumzike kwa amani.