Mkhitar Chalabyan, Neno "Nyumba" na Sentensi ya Hovkar

Baada ya miaka thelathini na tisa katika Ofisi ya Kamusi Kuu hapa Yerevan, Bwana Mkhitar Chalabyan anastaafu leo, tarehe 30 Juni, saa sita mchana. Sisi wahariri tumefurahi na tumehuzunika kwa pamoja. Hakuna aliyetuchelewesha kama yeye, na hakuna aliyetupa sifa kama yeye.

Alianza na vitenzi, akahamishiwa nomino, na huko akanasa, kwa raha zake, kwenye neno moja: tun, yaani nyumba. Ukimuuliza asili yake, sahau chakula cha mchana. Atakwambia kuwa tun na domus ya Kilatini ni ndugu wa damu, kwamba n yake ya mwisho hapo kale ilikuwa m, na kwamba m hiyo bado inachungulia katika umbo la zamani tamb, "kwa nyumba". Kisha atakuonyesha u inavyopotea: tan, "ya nyumba", tnits, "kutoka nyumbani", tner, nyumba zikiwa nyingi. Mhasibu wetu alimuuliza siku moja kwa adabu tu. Loo, alikosa kikao kizima!

Neno hilohilo ndilo lililompa mke. Akiwa kijana alipanda mlimani hadi kijiji cha Hovkar kukusanya maneno. Kwa kuwa hatuendi kwa watu mikono mitupu, alibeba chokoleti na chupa ya konyaki. Alivaa tai. Dereva wetu, mzee Vagho, alikuwa na masharubu yake yaliyowahi kuwa meupe na suti ya Jumapili. Sasa niambie, mwenye nyumba afikiri nini? Kijana kapera, mzee wa kumsemea, chokoleti, konyaki: posa hiyo! Mzee Smbat akawakaribisha, na binti yake, Arpenik, akaleta kahawa. Ukoo mzima ukamkodolea macho Mkhitar. Naye akatoa kinasa sauti, akamgeukia bibi yake Arpenik: "Eti bibi, kwenu mnasemaje 'kutoka nyumbani'?"

Mzee Smbat akawa mwekundu. Arpenik ndiye aliyejibu, mkono kiunoni: "Toka nyumbani kwetu kabla baba hajakushika, na chokoleti zako beba!"

Mkhitar akamshukuru, akamwomba arudie polepole.

Walifukuzwa, bila shaka. Mwezi uliofuata alirudi na Vagho yuleyule na chokoleti mpya, ila kinasa sauti alikiacha mjini.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipozaliwa. Kanuni ya ofisi, aliyoitunga mwenyewe, inakataza kutumia sentensi za jamaa wa mhariri kuwa mifano. Basi alipooa tu, akaifuta kwa mkono wake ile sentensi ya Arpenik, aliyokuwa ameiingiza kamusini kuwa mfano wa tnits. Tulimsihi mpaka tukachoka. "Mke ni mke, ushahidi ni ushahidi," alisema. Mtu mgumu huyu! Na Hovkar siku hizi haina mtu, wote wameshuka mijini, na kamusi nzima haikuwa na sentensi nyingine ya kijiji hicho.

Mwaka Mpya uliopita Arpenik alituletea keki ya gata, akaiweka mezani, akasema mbele yetu sote: "Huyu bwana alinitoa kwetu, sawa, nilitaka mwenyewe. Lakini hata kitabuni anitoe? Kwetu kukose hata mstari mmoja?" Mkhitar alitazama dirishani. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Juzuu yenye neno tun inakwenda kiwandani kuchapwa wiki hii. Jumanne tulikaa kikao bila Mkhitar, tukamwita mzee Vagho. Swali lilikuwa moja: siku ile ya kwanza, Mkhitar alikuwa jamaa wa Arpenik? "Jamaa gani!" alifoka Vagho. "Alikuwa mtu baki anayetimuliwa. Nilitimuliwa naye!" Tulicheka, tukapiga kura, na hakuna aliyepinga.

Bwana Mkhitar, najua unasoma haya na kalamu nyekundu mkononi. Iweke chini. Sentensi imerudi chini ya tnits, pamoja na jina la msemaji na la kijiji chake. Utataka kuifuta, lakini saa sita imepita, na hapa hakuna tena anayelazimika kukusikiliza.

Asante kwa yote, mwalimu wetu. Tunawaombea afya na maisha matamu, wewe na wako. Shemeji Arpenik, kwenu kumo kitabuni.

Zaruhi, kwa niaba ya wahariri