Waliozidi Wodini

Benchi la kahawa liko mkabala na geti la hospitali. Asubuhi hiyo Spana, fundi wa magari, alikuwa amelikalia pembeni kabisa, kama mtu anayetaka kuondoka akakosa miguu. Ndani mule amelazwa bintiye. Alijiumiza mwenyewe, kwa makusudi. Spana alimfikisha jana, akamkabidhi kwa wauguzi, na tangu hapo hajathubutu kuingia kumwona. Wenzake hawajui. Wanadhani kagombana na mteja.

— Mmesikia? akaanza Redio, ambaye habari ikimpita huumwa. Wanaojidhuru wenyewe wamezidi hospitalini. Kila mwaka wanaongezeka, na wengi ni mabinti.

— Simu hizo, akasema Profesa, mshona suti. Mtoto anakesha akitazama sura za watu mpaka anaichukia yake.

— Simu tu? Na kuku wa kisasa je? Kuku anashinda bandani na majonzi yake, wewe unamla na majonzi yake!

— Basi na taa za barabarani, Redio. Tangu waweke zile nyeupe, damu za watu hazilali.

— Aa, ni kudeka tu! akasema Redio. Sisi tulichapwa, nani alijidhuru?

Neno hilo lilimpanda Spana kichwani. Akakibamiza kikombe benchini.

— Redio, funga domo kabla sijakufungia mimi!

— Kaka, kahawa umemwaga mwenyewe, hasira kwangu za nini?

Mama mmoja mwenye chupa ya chai, aliyekuwa akisubiri geti lifunguliwe, akageuka.

— Samahani, ndugu zangu. Mnasema siku hizi wanaokuja wamezidi. Wa zamani walikuwa wanakwenda wapi?

Profesa akajitia kukagua mshono wa shati lake.

— Wangu yumo humo, akasema Spana. Nilikuwa chini ya gari. Binti akaja akainama, gereji nzima inasikia: "Baba, nimejiumiza, naogopa nitarudia. Nipeleke." Mimi na ukali wangu wote huu, sijawahi kumwambia mtu kwamba naogopa.

— Mtoto ana moyo huyo, akasema Profesa.

— Kunizidi mimi.

— Umemwambia hivyo? akauliza mama.

— Bado.

Geti likafunguliwa. Spana akasimama.

— Kaka, akasema Redio, sauti imemshuka, lile neno nalifuta. Mpe salamu zangu.

— Salamu za kutumwa za nini? Njoo umpe mwenyewe. Ila ukimtajia kuku mwanangu, nakung'oa meno.

Wakavuka barabara marafiki wote watatu, Spana mbele, karibu anakimbia.