Neno Nililomfutia Ndugu Machano

Ijumaa ya tarehe 31 Disemba 1971, Ndugu Machano Usi atafunga mlango wa chumba cha kupimia maji na kukabidhi ufunguo, baada ya miaka thelathini na tatu ya kazi. Alianza Januari 1939 akiwa muosha chupa. Anaondoka akiwa mpimaji wa daraja la pili. Alikuwa wa daraja la kwanza, akateremshwa. Kwa nini aliteremshwa nitaeleza hapa, maana mwenye makosa ni mimi ninayeandika.

Kamati ya sherehe ya kumuaga imenichagua mimi, karani wake kwa miaka kumi na mbili, niandike maneno haya, kwa sababu, wamesema, nina Kiswahili kizuri. Wangelijua Kiswahili changu kizuri kimefanya nini, kazi hii wangelimpa dereva.

Tuanze na mazuri. Mwezi ule wa Mapinduzi, daktari mkuu wa chumba alikuwa keshaondoka na hapana aliyejua nani ana dhamana ya nini. Machano aliichukua darubini, akaifunga katika kanga ya mkewe, akashika njia ya kwake Mlandege ili chombo kisije kikapotea. Darajani walinzi wawili wakamsimamisha.

"Nini hiyo, mzee? Bunduki?"

Hakubishana. Alitia tone la maji kutoka chupa yao wenyewe, akaigeuza darubini kwenye jua, akawaambia wachungulie. Wa kwanza alichungulia, kisha akaanza kutema mate.

"Toa, toa bwana! Mie n'shayanywa hayo!"

Akapitishwa. Wiki tatu baadaye chombo kilirudi mezani bila ya mkwaruzo.

Mkewe, Bi Tabia, naye ana kesi yake. Akimuuliza kama mchuzi umekolea chumvi, mume hujibu, "Kijiko hiki, umekolea." "Na chungu kizima nikamuulize nani?" husema Bi Tabia, na sisi wageni hucheka. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake yote: kutosema zaidi ya alichokiona. Katika karatasi zake hakuandika "hakuna". Aliandika "sikuona".

Neno hilo lilikuwa likinikera. Barua ya serikali, nikijiambia, haisemi "sikuona" kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni.

Agosti 1968 alipima maji ya kisima cha kijiji kimoja upande wa Makunduchi. Watu wawili walikuwa wameshikwa na homa ya matumbo, na kijiji kizima kilikuwa kimeamriwa kuchemsha maji. Aliniletea majibu kwa mkono wake: "Katika chupa hii moja sikuona vijidudu vya homa ya matumbo. Waendelee kuchemsha. Nitapima tena mvua zikinyesha." Nilipoketi kupiga chapa niliona maneno yanapingana. Kama havikuonekana, kuchemsha kwa nini? Nikaisafisha: "Maji ya kisima yamepimwa. Hakuna vijidudu vya homa ya matumbo." Basi. Fupi, nzuri. Nikaichomeka katikati ya karatasi arubaini za kutiwa saini, saa ya kufunga kazi. Alizitia saini zote bila ya kusoma. Mtu ambaye hakuwahi kuiamini chupa ya pili kwa kuwa kaiona ya kwanza, mimi aliniamini.

Barua ikabandikwa mlangoni pa duka la kijiji. Kuni za kuchemshia zilikuwa zikifuatwa mbali, na wenye kuzibeba ni wanawake. Walipoisoma walimshukuru Mungu, wakaacha kuchemsha. Mvua za vuli zikateremsha uchafu kisimani. Hadi kufika Disemba walikuwa wameugua watu kumi na tisa na kufa sita. Mmoja wao ni Shemsa, mtoto wa miaka saba, mjukuu wa Bi Wanu, ambaye ndiye mkubwa wa wanawake wa pale kisimani.

Tulikwenda, Machano mbele, mimi nyuma na kasha la chupa. Barua ile aliisoma kwa mara ya kwanza pale mlangoni pa duka, watu wamemzunguka. Akanitazama mara moja tu.

"Karatasi ilisema hakuna," Bi Wanu alimwambia.

"Saini ni yangu, Bi Wanu. Mimi niliona chupa moja."

"Ala! Kumbe huko mjini mkiona chupa moja mwaandika kisima kizima?"

"Tumekosa."

"Basi chukueni chupa zenu mwende. Maji yetu hatukupeni tena, na hayo ya kuchemsha kachemsheni nyinyi."

Mjini iliundwa tume. Machano akaulizwa nani aliandika. Akajibu vile vile, saini ni yake. Mimi nilikuwa mlangoni na faili kwapani, nikisikia kila neno. Nilijiambia nina watoto watano. Yeye anao sita. Akateremshwa daraja, na kwa mwaka mzima akarudishwa kuosha chupa, kazi aliyoianza akiwa kijana. Kule kijijini hawakuchemsha wala hawakutoa maji, kwa kuwa aliyewaambia wachemshe ndiye yule yule aliyewaambia hakuna kitu. Kabla ya mvua za masika walikufa wengine wawili.

Kila Jumamosi, siku yake ya mapumziko, Machano alipanda gari la Makunduchi. Hakuomba maji. Alikaa barazani kwa Bi Wanu, akasalimia, akarudi. Mwezi wa tano alikwenda na darubini, nami nimefuatana naye, akawaambia wachote maji wapendapo na wachungulie wenyewe. Wakaona vidudu vinaogelea. Wanawake wakapiga kelele: ndivyo hivyo vilivyotuulia watoto!

"Sivyo," Machano akasema. "Hivi havina neno. Vya homa mimi siwezi kukuonesheni hapa. Hivyo lazima nivioteshe mjini, siku mbili tatu, na pengine visiote, na maji yakawa mabaya vile vile."

Nilitamani kumziba mdomo. Ndiyo kwanza walikuwa wameanza kumsadiki! Lakini Bi Wanu aliinuka, akaingia ndani, akatoka na ndoo.

"Leo nakusikia," akasema. "Mtu aniambiaye hawezi, huyo naweza kumpa maji yangu. Ila jibu ulete kwa mdomo wako, hapa barazani. Karatasi sitaki."

Tangu siku hiyo chupa tatu huchotwa kila mwezi, na majibu huyapeleka mwenyewe. Wakakubali kuchemsha, na kisima kikajengewa ukuta na mfuniko. Mwaka huu unaokwisha hatujaletewa mgonjwa wa homa hiyo kutoka kijiji kile. Nasema hatujaletewa.

Wiki iliyopita nimepeleka barua ofisini kueleza nani aliyefuta neno, ili faili lake lisahihishwe. Jibu sijalipata. Nilipomwambia Machano kwamba nitayaandika na hapa, alisema, "Andika ulichofanya. Ulivyojuta usiandike, hawana cha kulipimia hilo." Kwa hiyo sikuandika.

Mpimaji mpya bado hajaletwa, na chupa za Januari hazisubiri. Jumamosi ya tarehe 8 nitalipanda gari la Makunduchi mimi. Kabla ya kuomba maji nitamwambia Bi Wanu yale yale niliyoyaandika hapa. Huenda nikarudi na kasha tupu.

Mzee Machano, ahsante kwa miaka yako yote. Sisi wenzako tunakuombea afya, wewe na Bi Tabia, na raha ya kukaa kitako pasi na mtu kukutaka jibu la kitu chochote. Jumamosi hiyo najua utataka kunifuata. Tafadhali usije. Safari hii niache nisimame mlangoni pa Bi Wanu peke yangu.