Viti vya Papa Rigobert

Mheshimiwa mwakilishi wa serikali ya komini yetu, Bwana Yuma Mkurugenzi wa shule, mgeni wetu wa heshima Papa Rigobert, walimu wenzangu, wazazi wa Katuba, na ninyi wanafunzi mnaochomwa na jua kwa sababu hema limeishia kwa wakubwa: nawasalimu nyote.

Leo tunatangaza matokeo ya mwaka, na mimi Agnès, mwalimu wa maadili, nimeombwa niseme kidogo juu ya dhamiri. Nianze na shukrani. Viti hivi mlivyokalia, vyenye vitambaa vyeupe, ametuazima Papa Rigobert. Hakudai kitu. Alituma salamu tu, kwamba mwanawe Fils yuko darasani mwangu.

Juzi tulikaa kwenye délibération, kuamua nani anapita na nani anarudia. Fils alikuwa ameshindwa karibu kila somo. Dhamiri zetu zilifanya kazi kweli siku ile! Mwenzangu mmoja akasema, "Mama Agnès, ule mutoto tumupitishe tu, papa yake njo aliletaka viti." Mwingine, mtu wa sala, akafumba macho, akayafumbua, akasema Mungu naye amemwonyesha viti. Bwana Mkurugenzi akauliza: wazazi watakaa wapi? Je, kuna swali la maadili zito kuliko hilo? Mwishowe wakaniachia mimi, mwalimu wa darasa, niamue kwa dhamiri yangu, wakiamini nimeelewa.

Katika mtihani niliuliza: ukikabiliwa na uamuzi mgumu, utafanya nini? Fils aliandika, "Nitauliza papa." Nikampa sifuri. Maskini, walimu wake wote wenye diplomu wametoa jibu lile lile, na hakuna aliyewapa sifuri.

Fils, mwanangu, nakupenda, na ndiyo maana naogopa. Nyumbani wanakuandalia duka, nawe hujui kugawanya. Tukikupitisha leo, utamuuliza nani siku papa hayupo?

Basi, kabla sijasoma, naomba tusimame wote. Ndiyo, na meza kuu pia. Mama mwenye mtoto mgongoni, pole, ni dakika chache. Papa Rigobert, vijana wako wanaweza kukusanya viti, na tunakushukuru kwa moyo.

Fils: anarudia mwaka.

Wengine nitawasoma sasa hivi. Asanteni kwa kunisikiliza mkiwa mmesimama.