Neno Lililomuua Okomo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Mkuu wa Chuo, waheshimiwa wajumbe wa bodi, walimu wenzangu, wanafunzi wangu, na wewe Mama Favour, uliyepewa kiti cha nyuma kabisa wakati mimi ningekuweka mbele: nawasalimu nyote. Wazee wangu, shikamooni.

Mmenisifu vizuri. Mmesema nimefundisha Kiingereza hapa Pasiansi mpaka nywele zikawa nyeupe. Basi, kwa kuwa leo nastaafu, niruhusuni nifundishe kipindi kimoja cha mwisho, cha neno moja tu: "ground".

Zamani sana Waingereza walilitumia kwa maana ya chini kabisa ya kitu, hata chini ya bahari. Baadaye likawa ardhi tunayoikanyaga, likawa uwanja, likawa msingi wa hoja ya mtu. Lipo na lingine linalofanana nalo kwa sura, lakini lenyewe limetoka kwenye "grind", yaani kusaga. Mafundi wa umeme nao wakalichukua: kwao, kifaa kikiwa "grounded", kimefungwa waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ukafie ardhini.

Kukosewa kwa maana hii ya mwisho ndiko kulikomuua Okomo, mume wa Mama Favour.

Okomo alikuwa akivunja barafu ya samaki pale mwaloni Kigongo, wanakoshushia samaki wa ziwani. Ilipoletwa mashine mpya ya umeme ya kuvunjia barafu, aliiweka juu ya meza ya mbao, kwa sababu sakafu ile haikauki. Ilikuwa na kibandiko cha Kiingereza. Meneja wake, Bwana Chenge, akakisoma, akamwambia, "Hapa wameandika iwe grounded. Ishushe chini."

Okomo akamjibu, "Bosi, chini kuna maji."

"Unabishana na waliotengeneza? Shusha!"

Rozina, mfanyakazi mwenzake, alikuwepo na aliyasikia yote. Okomo akashusha. Akaiwasha. Umeme ukampiga, hakuwahi hata kumwita mtu.

Ndugu zangu, baada ya mazishi ilisomwa taarifa ya kampuni: marehemu alifanya uzembe, alipuuza maelekezo. Alipuuza! Mtu aliyekufa kwa kutii, leo anaitwa mzembe?

Mama Favour alikuja nyumbani kwangu na Rozina, wakiwa na picha ya kile kibandiko kwenye simu. "Mwalimu, shikamoo. Wanasema mume wangu hakufuata haya maneno. Yanasemaje?" Nikamweleza. Akaniuliza, "Kwa hiyo ilikuwa ni waya tu?"

Ndiyo. Ilikuwa ni waya tu.

Nikamfuata Bwana Chenge ofisini kwake. Akanikaribisha vizuri, akanipa soda, akaniambia, "Mwalimu, tatizo la Okomo ni kwamba hakujua Kiingereza."

Nikamuuliza, "Na wewe unayekijua, ulielewa nini?"

Akatazama dirishani. Kisha akaniongezea soda.

Nampongeza Bwana Chenge, na naomba nimpongeze mbele yenu, kwa kuwa ni mjumbe wa bodi ya chuo hiki na amekaa pale mstari wa mbele. Waya wa ethi ulifungwa wiki iliyofuata, upesi kabisa, na mashine inafanya kazi salama. Hongera! Lakini lile neno uzembe halijafutwa. Mtoto wao, Favour, analisikia shuleni. Rozina alipojitolea kutoa ushahidi, aliambiwa kazi yake imekwisha.

Na sisi wengine je? Tunaruhusuje mashine itoke nje ya nchi, ishushwe Mwanza, ikabidhiwe kwa watu wanaozungumza Kiswahili, halafu onyo linaloweza kuokoa uhai liandikwe kwa lugha ambayo hata bosi anaikisia? Kuandika "Funga waya wa ethi kabla ya kuwasha" kungemgharimu nani nini? Nina hasira, Mheshimiwa, na sitaki mtu aniambie nitulie kwa sababu leo ni sherehe.

Naambiwa kuna zawadi yangu pale mezani. Nawashukuru, lakini sitaipokea kwanza. Ninachotaka ni sentensi moja, kwa Kiswahili, mbele ya watu hawa: kwamba Okomo hakuwa mzembe, kwamba alifanya alichoamriwa.

Nawashukuru kwa kunisikiliza na kwa kunivumilia. Mimi naketi, kipaza sauti nakiacha hapa kikiwa kimewashwa. Bwana Chenge, karibu. Mama Favour anakusubiri.