Mama Asilimia, Karani Aliyeuhesabu Uhalifu wa Jiji

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa baba fundi seremala na mama dobi. Kaka zake walikuwa wakisema alianza kuhesabu kabla hajajua kusema vizuri. Alihesabu mabehewa ya treni ya mizigo iliyopita dirishani kila asubuhi, nao wakimtajia idadi ya uongo ili kumchokoza, alilia mpaka treni nyingine ipite.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1958, kisha sekondari ya wasichana, aliyoimaliza mwaka 1968. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti ya mwisho: "Anajua. Apunguze kubishana." Ripoti hiyo aliihifadhi maisha yake yote, na wanawe wanakiri kwamba shauri la mwalimu halikufuatwa. Baada ya miaka miwili ya kumsaidia mama yake kufua na kupiga pasi, alijiunga na chuo cha takwimu, akahitimu Novemba 1972.

Tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa kuwa karani wa takwimu katika makao makuu ya polisi ya jiji, chumba namba 14, ghorofa ya kwanza. Kila mwezi vituo kumi na kimoja vilimletea fomu za wizi, uvunjaji wa nyumba na kujeruhi. Kila Januari alitoa namba moja ambayo wakubwa waliisubiri roho juu kama wanafunzi wanaosubiri matokeo: uhalifu umepanda au umeshuka kwa asilimia ngapi. Jina la Mama Asilimia lilianzia hapo. Waliofanya kazi naye hawajasahau harufu ya karatasi za kaboni, vidole vyake vilivyoingia rangi ya wino, na mstari wa penseli nyekundu aliouchora ukutani, ukipanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Mgeni akiusifia mstari ulioshuka, alimkatiza: "Huo si uhalifu, ndugu yangu. Ni uhalifu ulioandikishwa. Usivichanganye."

Mumewe alikuwa fundi wa taipu. Aliitwa kutengeneza mashine ya kujumlisha, akarudi mara ya pili, akarudi na ya tatu. Mara ya nne mashine ilikuwa nzima kabisa.

"Fundi, leo nani kakuita?" marehemu alimuuliza.

"Nimekuja kuangalia kama bado nzima."

"Mashine?"

"Na wewe pia."

Karani wa chumba cha jirani alicheka mpaka akamwaga chai. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Agosti 1976, wakajaliwa watoto wanne. Nyumbani, miaka ilitajwa kwa mstari wa ukutani: kifungua mimba alizaliwa mwaka mstari uliporuka, na kitinda mimba mwaka ulipolala.

Marehemu aliagiza kwamba habari ya mwaka 1988 isiachwe katika wasifu huu. "Mkinisifu tu," alisema, "watu watajua mnawapiga kamba."

Mwaka ule uhalifu ulionekana umeshuka kwa asilimia tisa. Kituo cha mtaa wa viwanda kilichangia karibu upungufu wote, kwa kuwa tangu Agosti hadi Desemba hakikuwa na kesi hata moja. Mkuu wa polisi aliitangaza namba hiyo mbele ya wakubwa wa jiji, akapongezwa, na uamuzi ukatoka: mtaa umetulia, kituo kifungwe tarehe mosi Aprili, askari wahamishiwe katikati ya mji.

Jumatatu, tarehe 13 Februari 1989, mama mmoja fundi cherehani alipanda ngazi hadi chumba namba 14. Cherehani yake iliibwa Septemba, na alitaka kujua imefikia wapi. Marehemu alipekua fomu zote za kituo kile asiione.

"Uliandikisha wapi, dada?"

"Pale pale kituoni. Waliniandika kwenye kikaratasi. Walisema kitabu cha taarifa kimekwisha."

Marehemu aliinua simu. Sajini wa kituo hakuficha: vitabu viliisha mwezi wa nane, wameomba mara tatu, wameambiwa wasubiri. Fomu za kila mwezi alizituma zikiwa tupu, na sahihi yake chini.

Fomu hizo zilikuwa bado kwenye faili. Katika kila nafasi iliyoachwa wazi palikuwa na sifuri, kwa mwandiko wa marehemu mwenyewe. Kazini kwake sifuri ilimaanisha tumehesabu, hatukukuta kitu. Nafasi wazi ilimaanisha hatujui. Aliyewafundisha makarani wote tofauti hiyo ndiye aliyeikosea, mara tano mfululizo.

Siku hiyo hiyo alikwenda kituoni na fundi cherehani. Sajini akatoa katoni ya sabuni iliyojaa vikaratasi. Walivihesabu kwa siku mbili: mia tatu na sabini na nne. Uhalifu wa jiji haukushuka kwa asilimia tisa. Ulipanda kwa mbili.

"Unataka nirudi kwa wakubwa niwaambie wizi umerudi?" mkuu wa polisi aliuliza.

"Haujarudi, afande. Haukuondoka."

"Na kosa niseme la nani?"

"Langu. Nimeshaliandika, sahihi iko chini."

Ripoti ilichapishwa upya. Marehemu alipewa barua ya onyo, na kiti cha ukuu wa idara, alichokuwa amekaribia kukikalia, kilikwenda kwa mwingine. Hakukipata kamwe, akastaafu hivyo hivyo tarehe 30 Juni 2011. Kituo hakikufungwa. Cherehani haikupatikana.

Mwaka 2014 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, na kuanzia 2022 figo zilipochoka alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mwili ulidhoofika, akili ilibaki kama wembe. Machi mwaka huu binti yake alimsomea gazeti hospitalini: uhalifu umepungua kwa asilimia kumi na mbili.

"Umepungua, au umepungua kuandikishwa?"

"Gazeti halisemi, mama."

"Basi mwandishi hakuuliza. Nisomee michezo."

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, dada wawili na kaka mmoja. Wakazi wa mtaa wa viwanda, waliofika leo asubuhi kwa basi zima, wameomba mtaa wao uandikwe miongoni mwa wafiwa.

Umeandikwa.

Mwenyezi Mungu amlaze salama, mama yetu.